Betri Isiyojaa: Njia ya Umeme katika Motakaa za Zamani

Leo nataka kuongea nanyi juu ya jambo ambalo kila mwenye motakaa ya zamani amelionja, na wengi wamelilipia fedha nyingi pasipo kulielewa. Jioni gari limefika nyumbani salama. Asubuhi ufunguo ukizungushwa, starta yatoa mlio kama mzee anayekohoa, kisha kimya. Hapo vijana huitwa kusukuma, na maneno huanza: betri ni mbovu, la, dainamo ndiyo mbovu, la, ni yule fundi wa juzi aliyeharibu.

Jirani yangu mmoja anayo Land Rover iliyoundwa Uingereza mwaka 1964, nayo hata leo yachukua machungwa kutoka mashamba ya Muheza mpaka sokoni Tanga. Katika muda wa miaka miwili alinunua betri tatu, na dainamo ilizungushwa nyaya mpya mara mbili. Hata hivyo usiku taa zake zilikuwa nyekundu kama makaa yanayokaribia kuzima, na asubuhi nyingi mpwa wake, ambaye ndiye dereva, aliiwasha injini kwa hendeli mbele ya gari, jasho likimtoka kabla jua halijachomoza.

Siku moja walinijia wote wawili. Mzee akasema, "Mwalimu, betri za siku hizi ni maji matupu." Kijana akasema, "Mjomba, si betri. Tununue dainamo nyingine, tumalize." Nikawaomba wasinunue kitu mpaka nimeangalia. Sikuwa na chombo ila kipimo kidogo cha volti, cha namna ile iuzwayo kwa bei nafuu katika maduka ya vyombo vya umeme. Lakini kabla sijawaeleza niliyoyaona, yafaa tujue kwanza umeme wa gari hutoka wapi, na hupita wapi.

Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alivumbua ya kuwa waya wa shaba ukipitishwa mbele ya sumaku, umeme hutembea ndani ya waya ule. Dainamo ya gari ni uvumbuzi huo huo uliotiwa katika kopo la chuma. Ndani yake lazunguka fungu la nyaya za shaba, likivutwa na mkanda utokao katika injini. Kandokando yake zimekaa sumaku ambazo nguvu yake hutokana na nyaya zilizozungushwa juu ya chuma. Nyaya hizo mafundi huziita fildi. Umeme uliozaliwa hukusanywa na vipande viwili vya makaa vinavyosugua shaba mwishoni mwa mhimili. Kadiri injini inavyokwenda mbio, ndivyo nguvu inavyozidi. Injini ikiwa inanguruma tu mahali pamoja bila kukanyagwa mafuta, dainamo haitoi kitu cha kutajika.

Betri ya risasi na tindikali ilitengenezwa kwanza na Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba kilichojaa hutoa volti 2 na kidogo juu yake. Kwa hiyo gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa yaonyesha volti 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.2, imebaki karibu nusu. Ikionyesha 11.9, ihesabu kuwa tupu.

Sasa angalieni. Maji hayapandi yenyewe kuingia mtungi ulio juu ya kisima. Hali kadhalika umeme hauingii katika betri mpaka nguvu ya dainamo izidi nguvu ya betri. Ili kuijaza betri vema twahitaji volti 14 na kitu, zifike katika nguzo za betri yenyewe. Basi kati ya betri iliyojaa, yenye 12.6, na nguvu ya kuijaza, tuseme 14.2, pana tofauti ya volti moja na nusu na kidogo tu. Hiyo ndiyo mali yote tuliyo nayo. Mtu aliye na shilingi mia akipoteza moja njiani hajali. Lakini mtu aliye na shilingi moja na nusu, akipoteza moja njiani, atafika sokoni na nini?

Kati ya dainamo na betri yuko bawabu. Ni lile sanduku dogo jeusi lililofungwa katika ukuta wa mbele wa gari, ambalo mafundi wetu huliita katauti. Ndani yake mna kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kufunga njia na kuifungua: nguvu ya dainamo ikifika karibu volti 13, chuma kidogo huvutwa na njia huungana, injini ikipoa na nguvu ikashuka, njia hukatika. Kama isingekatika, betri ingejimwaga katika dainamo usiku kucha na kuiunguza. Kazi ya pili ni kuchunga kiasi: nguvu ikitaka kupita kipimo, chuma kingine hutetemeka mara nyingi kwa nukta moja na kuipunguzia fildi umeme, dainamo ikatulia.

Hapa niseme neno la pembeni. Nimeona watu wakikikunja chuma cha katauti kwa koleo ili "kuongeza chaji". Pengine siku mbili tatu mambo huonekana mazuri, kisha betri huchemka, maji yake hukauka, na balbu za taa hukatika moja baada ya moja. Katauti ilikuwa ikisema kweli tangu mwanzo. Aliyekuwa akisema uongo ni waya.

Tufanye na hesabu kidogo. Dainamo ya Lucas ya namna ya C40, iliyotumika katika magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960, hutoa ampea 22, nayo ni pale tu injini inapokwenda mwendo mzuri. Taa mbili kubwa za wati 50 kila moja, pamoja na taa ndogo za mbele na za nyuma, hutumia kama ampea 11. Moto wa plagi hutaka 3 au 4. Kukiwa na mvua, vifuta kioo hutaka 2 au 3. Jumla yakaribia 17 au 18. Kinachobaki kwa ajili ya betri, usiku wa mvua, ni ampea 4 hivi. Watu waliounda magari yale hawakuwa wajinga. Walipima matumizi ya siku zao, nayo yalitosha. Lakini hawakuacha ziada ya kupotezwa ovyo.

Haya, tuifuate njia. Umeme hutoka katika dainamo kwa waya mnene mpaka katauti. Kutoka katauti hupita ukuta wa gari na kuingia ndani mpaka amita, yaani kile kipimo chenye mshale mbele ya dereva kinachoonyesha kama betri yapewa au yanyang'anywa. Kutoka amita hurudi tena mbele mpaka swichi ya starta, na kutoka hapo mpaka nguzo ya betri. Tazameni safari ilivyo ya kuzunguka: dainamo na betri ziko chini ya boneti moja, lakini umeme huingia mpaka magotini pa dereva ndipo urudi. Kila mahali waya unapoishia pana skrubu au kibano, na kila kibano ni mlango unaoweza kushika kutu. Katika gari la namna hii nimehesabu viungo karibu kumi.

Na hiyo ni nusu ya njia tu. Umeme ukienda hauna budi kurudi, nao haurudi kwa waya. Hurudi kwa mwili wa gari, kwa injini na fremu. Mafundi huuita mwili huo ardhi. Betri imeungwa na ardhi kwa waya mmoja mnene au kwa ukanda wa shaba uliosukwa, na injini, kwa kuwa imekaa juu ya mipira, yaungwa na fremu kwa ukanda mwingine. Watu wengi huisahau nusu hii kwa sababu haionekani kama waya. Katika Land Rover ina taabu zaidi. Baada ya vita vya 1939 mpaka 1945 chuma kilikuwa haba Uingereza, kwa hiyo motakaa hii, ilipotolewa mwaka 1948, ilipewa mwili wa alumini juu ya fremu ya chuma, na desturi hiyo ikaendelea. Mahali alumini na chuma vinapogusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa na kufanya unga mweupe, na unga ule haupitishi umeme. Nasi twajua hewa ya pwani ilivyo.

Sasa nawaambia nilivyopima. Kijana aliwasha taa kwa dakika kumi injini ikiwa imezimwa, ili betri ipungue na iwe na kiu. Jambo hili msilipuuze. Betri iliyoshiba haivuti umeme mwingi, na njia isipokuwa na msafara mkubwa, ubovu wake hauonekani. Kisha aliwasha injini, akazima taa, akashika mafuta kidogo injini iende mbio kiasi. Amita ilionyesha ampea 15 zikiingia. Nikaweka ncha moja ya kipimo katika skrubu ya katauti inayotoa umeme kwenda kwenye betri, yenye herufi A, na ncha ya pili katika nguzo ya betri inayopokea waya huo. Kumbukeni ya kuwa sikupima nguvu ya dainamo, wala nguvu ya betri. Nilipima tofauti kati ya mwanzo wa njia na mwisho wake. Njia nzima ingekuwa safi, kipimo kingeonyesha karibu sifuri. Kilionyesha volti 0.4.

Kisha nikapima njia ya kurudi: ncha moja katika nguzo ya betri iendayo ardhini, katikati ya risasi yenyewe wala si juu ya kibano, na ya pili katika chuma cha katauti. Kipimo kikaonyesha 0.6.

Katauti ilikuwa ikitoa volti 14.2, kama ilivyopasa. Toeni 0.4 na 0.6: betri ilipata 13.2. Ni kweli ya kuwa betri inapoendelea kujaa huvuta umeme mdogo zaidi, na hasara ya njiani hupungua, hata mwishowe ingejaa. Lakini ingetaka safari ya mchana kutwa, na kutoka Muheza mpaka Tanga si safari ya mchana kutwa. Kila siku ilikopa nyingi ikarudishiwa chache. Na betri ya risasi ikikaa majuma mengi bila kujaa, juu ya bamba zake hujengeka chumvi ngumu ya risasi ambayo haiondoki tena hata ukiijaza baadaye. Hivyo ndivyo zilivyokufa zile betri tatu. Mwenye duka hakumdanganya mzee. Betri zilikuwa nzima zilipouzwa.

Hesabu nyingine yaeleza ile hendeli. Mjerumani Georg Ohm, mwaka 1827, aliandika kanuni ambayo kila mwanafunzi hujifunza: volti zinazopotea ni sawa na ampea mara ukinzani wa njia, na ukinzani huo twaupima kwa omu, kipimo kilichopewa jina lake. Volti 0.6 kwa ampea 15 ni omu 0.04, kitu kidogo sana. Lakini starta hutaka ampea 100 na zaidi, nazo zote hupita katika waya ule ule wa ardhi. Mia moja mara 0.04 ni volti 4. Kati ya volti 12 za betri, 4 zilipotea katika kiungo kimoja, na starta ikaambulia mabaki. Wao walidhani ni udhaifu wa betri.

Tulifungua bolti ya waya wa ardhi pale ulipofungwa katika fremu. Chini yake palikuwa na rangi ya zamani, kutu, na unga mweupe. Na ule ukanda wa shaba, nusu ya nyuzi zake zilikwisha katika, zilizobaki zikawa kijani. Tulikwangua mpaka chuma king'ae, tukaweka waya mpya mnene wenye vichwa vilivyobanwa barabara, tukafunga kwa washa yenye meno, kisha tukapaka grisi juu ili unyevu usiingie. Nasema juu, baada ya kufunga. Nyuma ya amita tulikuta nati imelegea hata yazunguka kwa kidole. Tulipopima tena, upande mmoja ulionyesha 0.2 na mwingine 0.1. Gharama ilikuwa waya, msasa na saa mbili za kazi. Dainamo haikuguswa.

Mkitaka kiasi cha kukumbuka: umeme wa chaji ukiwa unapita kwa wingi, upande wa ardhi usizidi volti 0.2, na upande wa waya usizidi 0.3 au 0.4. Ukizidi, msogeze ncha ya kipimo kiungo kwa kiungo mpaka muone tarakimu inapoanguka ghafula. Hapo ndipo penye mwizi. Na yeyote atakayefungua viungo hivi, atoe kwanza waya wa ardhi katika betri, na kuurudisha mwisho wa kazi. Spana ikigusa mwili wa gari wakati unapofungua nguzo ya ardhi, hapana litakalotokea. Ikigusa wakati unapofungua nguzo ya pili, patatoka cheche kubwa, na betri iliyokuwa ikijazwa hutoa hewa inayolipuka. Desturi ya kugusisha waya katika bodi "kuona kama kuna moto" iachwe kabisa.

Ningeweza kumaliza hapa, lakini kisa cha jirani yangu kina sehemu ya pili, nayo ndiyo ya hatari.

Yule kijana alipoona betri imepona, alitamani taa kubwa zaidi. Akapata altaneta ya ampea 45 katika gari lililokufa. Tamaa yake haikuwa mbaya. Altaneta ni chombo bora kuliko dainamo. Katika dainamo umeme mkubwa huzaliwa katika sehemu inayozunguka, na hauna budi kutoka kwa kupitia makaa. Katika altaneta umeme mkubwa huzaliwa katika nyaya zilizosimama pembeni, na kinachozunguka ni sumaku inayolishwa ampea chache tu. Kwa hiyo yaweza kuzungushwa kwa kasi kubwa, nayo hutoa umeme wa kutosha hata gari likiwa limesimama katika msongamano. Umeme wake hugeuka-geuka kwenda na kurudi, lakini hunyoshwa na vidude viitwavyo dayodi, ambavyo huruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Huko Marekani kampuni ya Chrysler iliitia katika Valiant ya mwaka 1960, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha dainamo zilikuwa zimetoweka katika magari mapya karibu yote.

Altaneta ya kwanza ya kijana iliungua dakika ile ile alipoiunga. Sababu ni hii: magari mengi ya Uingereza, mpaka miaka ya 1960 ilipoelekea mwisho, yaliunga nguzo ya chanya ya betri katika ardhi, hali altaneta nyingi huitaka ile ya hasi. Dainamo husamehe, dayodi hazisamehe. Anayetaka kubadili hana budi kuigeuza betri, kuzibadilishana nyaya mbili nyuma ya amita, na zile mbili nyembamba za koili ya moto. Na kama gari lina redio ya zamani, aitazame kwanza, maana huenda nayo ilifanywa kwa ardhi ya chanya.

Kwa altaneta ya pili aliigeuza betri. Kisha akaiondoa katauti, kwa kuwa altaneta ile ilikuwa na mchunga kiasi wake ndani, na akaziunganisha nyaya za zamani pale pale: kutoka altaneta, kupita ukuta, mpaka amita, na kurudi. Kwa siku kumi mambo yalikwenda vizuri, na taa zilimulika kama mchana. Siku ya kumi na moja walilala shambani, wakasikiliza redio mpaka usiku mwingi, na alfajiri wakaisukuma gari. Injini ikawaka. Betri yenye njaa ikavuta ampea 40. Hawajafika barabara kuu moshi ukatoka nyuma ya amita, wenye harufu ya mpira uunguao, na mzee akiwa ameketi na magunia nyuma yake.

Hesabu itatuambia yaliyotukia. Waya wa zamani ulikuwa na unene wa milimita 3 za mraba, na safari yake kwenda na kurudi ilikuwa mita 3. Shaba ya urefu huo ina ukinzani wa omu 0.017 hivi. Kwa ampea 15 za zamani, joto lake lilikuwa wati 4, likaenea katika mita zote tatu. Hata mkono usingelihisi. Kwa ampea 40 ni wati 27, kwa maana joto huzidi kwa ampea mara ampea: mzigo ukiwa maradufu, joto ni mara nne. Na hiyo ni shaba safi. Kiungo kimoja kilicholegea, chenye omu 0.02, kwa ampea 40 hutoa wati 32 mahali padogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Chuma cha kulehemia hakina zaidi ya hapo. Amita yenyewe ilikuwa na tarakimu 30 kila upande, yaani haikufanywa kubeba 40 kwa muda mrefu. Na neno baya kuliko yote: waya ule, kama ilivyokuwa desturi ya magari ya Uingereza ya siku zile, haukuwa na fyuzi hata moja kutoka betri mpaka amita.

Msidhani ni kosa la magari ya Uingereza peke yake. Magari ya Chrysler ya miaka ya 1960 na 1970, yaliyotoka kiwandani na altaneta, yaliupitisha umeme wote wa chaji katika amita na katika kiungo cha plastiki ukutani, na wenye magari hayo mpaka leo hukikuta kiungo hicho kimeyeyuka.

Kijana alikuwa mwepesi. Alizima injini, akafungua boneti, akaivuta waya ya ardhi ambayo kwa bahati ilikuwa na kibano kipya. Hasara ilikuwa fungu moja la nyaya na shati lake.

Tuliporekebisha tulifanya hivi. Tulivuta waya mpya wa milimita 10 za mraba kutoka altaneta mpaka nguzo ya swichi ya starta inayopokea waya wa betri, kwa njia fupi, ndani ya boneti, bila kuingia kwa dereva kabisa. Urefu wake haukufika mita moja na nusu; kwa ampea 40 hasara yake ni volti 0.1. Karibu na betri tuliweka fyuzi ya ampea 60, maana waya huo una moto hata injini ikiwa imezimwa, na ukisuguliwa na chuma siku moja hakuna wa kuuzuia ila fyuzi. Altaneta tuliipa ukanda wake wa ardhi kutoka mwilini mwake mpaka fremu, kwa sababu umeme ulioongezwa kwenda umeongezwa pia kurudi. Watu huinunua waya nene ya kwenda na kuiacha ya kurudi vile vile. Ni kama kupanua mlango wa kuingilia msikitini na kuusahau wa kutokea.

Waya wa zamani uliopita ndani tuliuacha, ila si kwa chaji tena. Sasa kazi yake ni kupeleka umeme kutoka betri mpaka swichi za dereva, ampea chache, nao ukapewa fyuzi yake mwanzoni mwa safari. Amita tuliitoa tukaweka kipimo cha volti. Dereva aliyezoea mshale wa kuingia na kutoka alinung'unika siku mbili. Lakini kipimo cha volti humwambia mengi zaidi: injini ikienda kisome 14, na kikisoma 12.5 ajue betri hailishwi.

Taa kubwa tuliziondolea mzigo wa swichi kwa kuweka rilei mbili karibu nazo. Rilei ni swichi inayovutwa na umeme mdogo ili kufungulia njia umeme mkubwa. Balbu ya waya ikipungukiwa volti sehemu moja katika kumi, nuru yake hupungua karibu theluthi moja. Kwa hiyo njia fupi na nene huongeza nuru bila kubadili balbu. Kijana alikubali mwenyewe ya kuwa angalianza na rilei, huenda asingaliitaka altaneta.

Liko jambo dogo linalowasumbua wengi, la taa nyekundu ya chaji. Katika gari la dainamo taa hiyo ni mtoa habari tu. Ikikatika balbu, dainamo yaendelea na kazi. Katika altaneta nyingi, umeme mdogo unaopita katika balbu ile ndio unaoiamsha sumaku wakati wa kuwasha. Balbu ikikatika, altaneta hulala mpaka injini ipigwe mbio sana, au isiamke kabisa, na mtu huenda akanunua nyingine bure. Yatosha balbu ya wati 2 na kidogo. Wala injini ikienda msiitoe betri "kujaribu kama altaneta yachaji". Nguvu hupanda ghafula na dayodi hufa.

Kwa yule aliye na dainamo na anayetaka kubaki nayo, hana sababu ya kuona haya. Njia ikiwa safi na taa zikiwa za kiasi, itamtumikia. Akumbuke tu ya kuwa dainamo iliyokaa kabatini muda mrefu, au gari lililogeuzwa ardhi, huenda sumaku yake imesahau upande wake. Kabla ya kuwasha injini, waya wa fildi ufunguliwe katika katauti, uguswe kwa nukta moja na waya utokao katika nguzo ya betri isiyo ya ardhi, kisha urudishwe. Cheche ndogo itakayotoka hapo ndiyo cheche pekee ninayoiruhusu, nayo ifanywe mbali na betri.

Land Rover ya jirani yangu juzi asubuhi ilionyesha volti 12.6 kabla ya kuwashwa, na 14.1 katika nguzo za betri ilipokuwa ikienda na taa zote zikiwaka. Hendeli bado iko nyuma ya kiti. Mzee hataki itolewe.